Wakuu, wadudu wa kula gugu karoti wakishalimaliza, hawatageukia alizeti?

#1 | Mkulima wa Kisongo
Habari zenu wakuu.

Nina shamba Kisongo, upande wa kwenda Monduli. Gugu karoti, hili la majani kama ya karoti na maua meupe madogo, limenishinda. Lilianza kando ya barabara, likaingia malishoni, sasa limo ndani ya maharage. Tumeng'oa, tumefyeka, tumepulizia. Mvua ikinyesha tu limesharudi, tena bichi kuliko la kwanza.

Jirani yangu kaja na habari kuwa kuna mdudu anayekula hilo gugu tu, nchi za wenzetu wameshamwachia mashambani na kazi yake inaonekana. Yeye anafuga, hana cha kupoteza. Mimi alizeti zangu zimepakana na hilo pori, na nasikia alizeti na gugu karoti ni ukoo mmoja. Mwenye ujuzi aniambie: huyo mdudu akishamaliza gugu atakufa njaa au atahamia kwangu? Wa siasa wakae pembeni.

#2 | Chalii wa Mianzini
Naweka kiti hapa. Waje wataalamu.

#3 | Mama Ngwara
Pole kaka. Kabla hatujafika kwa wadudu, mnang'oa lini? Wengi wanang'oa likishatoa maua, wanalirundika kando ya shamba, wanaondoka. Mche mmoja ulionawiri unaweza kutoa mbegu hadi 25,000 na mbegu zinakaa ardhini miaka. Hapo umezihamisha tu. Ling'olewe likiwa changa, udongo ukiwa na unyevu, na mtu avae glovu na mikono mirefu. Mimi mikono ilivimba ikatoka malengelenge, nikawa napaka dawa ya fangasi bure, sikupona hadi nilipoacha kulishika.

#4 | Ng'ombe Kwanza
Jirani wa #1 anafuga, na mimi nafuga, acha nimsemee. "Hana cha kupoteza" si kweli. Hilo gugu likishika malisho, nyasi hazipati nafasi. Kiangazi kikibana ng'ombe wanalila, maziwa yanakuwa machungu, mteja anarudisha. Kuna mama wa Sakina aliwahi kuniuliza kama nimechanganya maziwa na dawa ya minyoo. Mleteni huyo mdudu hata kesho.

#5 | Kijiwe cha Moshono
Mleteni kesho, keshokutwa tufungue uzi wa kumuua. Waulizeni Wazanzibari habari za kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka India miaka ya 1890 wale takataka za mji. Wakala takataka, wakamalizia vifaranga na mayai ya ndege wengine, wakaja hadi Dar. Mpaka leo watu wanahangaika nao.

#6 | Sururu
Na Australia na chura wao. 1935 walimtoa Hawaii aje kula wadudu wa miwa. Wadudu wakabaki juu ya miwa, chura akabaki chini na sumu yake, sasa wanyama wengi wanaomla wanakufa.

#7 | Bwana Shamba Mstaafu
Salamu kwenu wote. #5 na #6 mnachanganya mambo. Kunguru na yule chura wanakula chochote kilicho mbele yao, na hakuna aliyekaa kuwapima kabla ya kuwafungulia. Mdudu wa gugu anatafutwa kwa utaratibu mwingine kabisa.

Gugu karoti kwao ni Amerika ya joto, upande wa Mexico. Kule lina maadui wake: wanaokula majani, wanaotoboa shina, wanaokula mbegu, na magonjwa ya kutu. Huku lilifika peke yake, maadui wakabaki kwao. Watafiti wanachofanya ni kwenda kumchukua adui mmoja, kumfungia karantini, na kumpa mimea kuanzia ndugu wa karibu wa gugu hadi wa mbali, halafu mazao ya nchi inayomtaka. Mara nyingine anafungiwa na mmea mmoja tu, ale au afe. Akitaga na kuzaliana kwenye zao, safari yake imeishia hapo. Mwaka 1985 India waliingiza nondo anayetoboa shina la gugu karoti, Australia alikuwa anafanya kazi nzuri. Kwenye vipimo akaonekana anaweza kukua hadi kukomaa kwenye nug, lile zao la mafuta linalolimwa pia sana Ethiopia. Wakawateketeza wote.

Anayesemwa na jirani wa #1 nadhani ni mbawakawa mdogo aitwaye Zygogramma bicolorata. Rangi ya maziwa, mistari ya kahawia mgongoni. Mkubwa anakula majani na mabuu yake yanakula majani. India walimwachia 1984 Bangalore, Afrika Kusini 2013, na Ethiopia yupo. La alizeti nalijibu baadaye, huku umeme umekatika na simu inaisha chaji.

#8 | Mkulima wa Kisongo
Mzee ametema madini yote, akaacha lile moja nililouliza.

#9 | Chalii wa Mianzini
Hahaha umeme wa mzee unajua pa kukatikia.

#10 | Dada wa Maabara
Naomba nimsaidie mzee wakati anachaji.

Mkuu #1, hofu yako si ya kufikirika. Huko India, miaka michache baada ya kuachiwa, huyo mbawakawa alionekana juu ya alizeti akitafuna majani. Wakulima wakapiga kelele, usambazaji ukasimamishwa, serikali ikaunda kamati. Maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba chavua ya gugu karoti ilikuwa imedondokea majani ya alizeti, na chavua hiyo ndiyo ilimfanya mdudu aanze kula. Jani la alizeti lisilo na chavua hakulichangamkia, na hakuweza kuanzisha kizazi chake pale. Mwishoni usambazaji uliruhusiwa tena.

#11 | Kijiwe cha Moshono
Kwa hiyo alikula au hakula?

#12 | Dada wa Maabara
Alionja. Hakuhamia.

#13 | Kijiwe cha Moshono
Mwenye shamba hana faida na tofauti hiyo. Alizeti changa ikionjwa na wadudu elfu mbili imekwisha. Na shamba la #1 limepakana na gugu, chavua itakosaje kufika? Hayo maelezo yanamtetea mdudu, mkulima hayamsaidii kitu.

#14 | Ng'ombe Kwanza
Na shamba ambalo gugu limeshaingia lenyewe alizeti inastawi? Ethiopia mtama ulioachwa na gugu karoti bila palizi uliwahi kupoteza hadi asilimia 97 ya mavuno. Hasara ya mdudu mnaihesabu, ya gugu mmeshaizoea.

#15 | Dereva wa Namanga
Mimi naona mnaanzia mwisho. Lilifikaje? Mkijua mlango mtaufunga. Hili gugu limekuja na kifusi. Angalieni barabara zote zilizotengenezwa, moramu inachimbwa huku inamwagwa kule, mvua ya kwanza tu kando yote ni nyeupe. Nimeliona linatembea na barabara kilomita kwa kilomita.

#16 | Sururu
Ngano ya msaada ndiyo ilileta. India wengi wanasema liliingia na ngano ya Marekani miaka ya 1950.

#17 | Mjukuu wa Kibosho
Ethiopia wana maelezo mawili yanayogombana: wengine ngano ya msaada, wengine magari ya jeshi wakati wa vita na Somalia 1977. Huku kwetu sijui nani alipigana na nani.

#18 | Ng'ombe Kwanza
Mifugo ya mnadani. Inatoka mbali na mbegu kwenye kwato na kwenye mkia.

#19 | Dereva wa Namanga
Mfugaji kajishitaki mwenyewe, Mungu ni mwema.

#20 | Bwana Shamba Mstaafu
Nimerudi. Nchini lilitambuliwa rasmi 2010, na lilitambuliwa hapa hapa Arusha. Njia mlizotaja zote zinawezekana kwa pamoja. Mbegu ni ndogo, inapanda tairi, kwato, gunia, maji ya mfereji. Mlango wa kufunga haupo tena, Dereva, lipo ndani.

Dada #10 amesema sawa kuhusu alizeti. Ila Kijiwe #13 naye ana hoja na sitaki kumpuuza. Kipimo cha karantini kinajibu kama mdudu anaweza kuishi juu ya zao lako kizazi baada ya kizazi. Hakijibu vizuri siku ile gugu limetafunwa lote, wadudu ni wengi, wana njaa, na shamba la karibu ni lako. Hiyo inaitwa kumwagikia. Ni ya muda, lakini aliyeko mpakani anaisikia.

Jambo jingine ambalo #1 hujaliuliza: kiangazi huyu mdudu anajifukia ardhini analala. Mvua ikija anaamka, ila gugu nalo linaota siku hizo hizo, na ndani ya wiki nne hivi tangu kuota linaweza kuwa na maua. Mwaka ambao mvua ni za kusuasua gugu linamtangulia. Ndiyo maana Afrika Kusini na Ethiopia waliongeza fukusi anayetoboa shina, na Afrika Kusini wana mwingine anayekula mbegu. Mmoja peke yake hatoshi.

#21 | Mjukuu wa Kibosho
Mzee umegusa la kumwagikia. Kuna kesi ya jirani zetu Uganda, miaka ya 1960. Walileta mdudu wa lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mbili tatu kilichojaa vihambani kwetu. Huyo hakuwa mlafi wa kila kitu, Kijiwe usichekelee, alikuwa ameshatumika nchi kadhaa akila lantana. Alivyoikausha lantana akatua kwenye ufuta wa jirani. Watu wa sayansi wakaandika.

#22 | Dada wa Maabara
Kesi ni ya kweli ila malizia. Ufuta hakuumudu kwa muda mrefu, aliishia hapo hapo. Pia wakati ule vipimo vilikuwa vichache kuliko vya sasa.

#23 | Kijiwe cha Moshono
"Alionja." "Aliishia hapo hapo." Mbona kila mdudu wenu anaingia shamba la watu kwa bahati mbaya?

#24 | Msukuma wa Pasua
Nimeshindwa kukaa kimya. Nimezaliwa Mwanza, sasa niko Moshi. Gugu maji lilijaa ziwani mitumbwi haitoki, samaki mnanunua kwa bei ya nyama. Miaka ya 1990 nchi zote tatu zikaachia fukusi wawili wa gugu maji, na mwishoni mwa miaka hiyo likapungua sana. Hao hawakugusa mahindi wala mpunga wa mtu. Mbona hii hamuisemi?

#25 | Sururu
Halikuondolewa na fukusi. El Niño ya 1997/98. Mawimbi, mawingu mfululizo, jua hakuna, gugu likafa.

#26 | Msukuma wa Pasua
Mawingu yalikuwa Mwanza peke yake? Mvua zipo miaka yote na gugu lilikuwa linanawiri.

#27 | Dada wa Maabara
Huo ubishi wenu wanasayansi wenyewe waliufanya kwenye majarida, kundi moja likasema hali ya hewa, jingine likajibu kuwa ni fukusi na mvua ilisaidia tu kusukuma mimea ambayo tayari imedhoofika. Na gugu lilirudi baadaye, hasa upande wa Kisumu, kwa sababu maji machafu yenye mbolea yanaendelea kuingia ziwani.

#28 | Sururu
Basi tumetoka sare.

#29 | Msukuma wa Pasua
Sare ya wapi, fukusi walikuwepo kabla ya mvua.

#30 | Meku wa Kahe
Wanangu, mnagombania majani ya kung'oa kwa mkono. Njooni Kahe muone mrashia. Ule mti wa miiba ulipandwa uzuie upepo na utupe kivuli na kuni. Sasa umefunga njia za mifugo, miiba inatoboa tairi la toyo na kandambili pamoja. Mbuzi wanakula maganda yake matamu halafu wanasambaza mbegu na mavi. Kwa Wakenya wanauita mathenge, na watu wa Baringo 2006 walimpeleka mbuzi mahakamani Nairobi kuonyesha meno yaling'oka kwa kula hayo maganda.

#31 | Chalii wa Mianzini
Meku hiyo ni chai. Mbuzi mahakamani?

#32 | Mjukuu wa Kibosho
Si chai, ilitokea kweli. Shikamoo Meku.

#33 | Meku wa Kahe
Marahaba mjukuu. Sasa swali langu kwa Bwana Shamba: huu nao hauna mdudu?

#34 | Bwana Shamba Mstaafu
Yupo wa aina yake, Meku. Afrika Kusini 1987 walikuwa na mgogoro huo huo: wengine wanautaka mti kwa kuni na chakula cha mifugo, wengine wanataka ufe. Wakachagua mbawakawa anayekula mbegu tu. Mti unabaki, kuni zinabaki, kasi ya kuenea ipungue. Tatizo mbuzi anayameza maganda kabla mdudu hajazifikia mbegu. Mdudu na mbuzi wanagombania sahani moja na mbuzi ana mdomo mkubwa.

Kwa hiyo wanaotaka jibu la ndiyo au hapana watasubiri. Ukichagua mdudu mpole kazi inakuwa ndogo. Ukichagua mkali, wapo watakaolia. Australia walikuwa na dungusi kakati limefunika mamilioni ya hekta, 1926 wakaachia nondo kutoka Argentina, likaporomoka ndani ya miaka michache, hadi jengo la kumkumbuka huyo nondo wamejenga. Nondo huyo huyo akapelekwa visiwa vya Karibi 1957, 1989 akaonekana Florida, na Wamexico ambao dungusi kwao ni chakula wakaanza kukosa usingizi. Australia hakuna dungusi wa asili, alikuwa salama kule. Mdudu salama ni salama mahali fulani.

#35 | Ng'ombe Kwanza
Huku kwetu dungusi ni ua la boma. Huyo nondo abaki huko huko.

#36 | Kijiwe cha Moshono
Tazama, mfugaji wa "mleteni hata kesho" kaguswa ua tu.

#37 | Mkulima wa Kisongo
Wakuu mmenisaidia sana ingawa nimezidi kuchanganyikiwa. Sasa niwape jipya. Jirani ana shemeji dereva wa malori hadi Ethiopia. Anasema atamwagiza amletee hao wadudu kwenye chupa ya maji, wamwachie kimya kimya.

#38 | Bwana Shamba Mstaafu
Mwambie asithubutu. Hili siandiki kama ushauri. Kwanza ni kosa, kuingiza kiumbe wa namna hiyo lazima kibali kipitie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na makao yao makuu yako hapo hapo Ngaramtoni, hana kisingizio cha umbali. Pili, shemeji wa lori atamtambuaje? Mbawakawa wenye mistari wako wengi, na wapo wanaokula mazao. Tatu, hata akipata mwenyewe, wadudu wa porini wanabeba vijidudu na nyigu wanaotaga ndani yao. Karantini inawafuga kizazi kizima au zaidi ili wanaotoka wawe safi. Chupa ya maji haina karantini.

#39 | Dereva wa Namanga
Na madereva tuna makosa yetu ya kutosha, msituongezee mende.

#40 | Chalii wa Mianzini
Kwani sumu ya magugu imeshindwa nini jamani? Unapiga bomba siku moja unalala.

#41 | Mama Ngwara
Chalii wewe hujawahi kupiga bomba. Shambani kwenye maharage, dawa nyingi zinazoua gugu karoti zinaua na maharage. Malishoni unapulizia ekari ngapi, kwa hela ya nani? Na mbegu zilizo ardhini hazisikii dawa, zinasubiri ardhi iwe wazi ziote zenyewe bila mshindani.

Hapo ndipo nimekuwa nataka kufika tangu #3 mkanikimbilia na kunguru. Gugu karoti linapenda ardhi tupu. Kwenye nyasi zilizoshikana na mimea inayotambaa linapata shida. Watu wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wamefanya utafiti wa mimea shindani, ngwara (fiwi) ikiwemo, na ilipunguza nguvu ya gugu karoti. Nyumbani napanda ngwara ukanda wote wa mpakani. Inatambaa, inafunika, nakula majani, nauza punje, ng'ombe wanapata mabaki. Gugu lipo bado, sisemi limekwisha, ila linatoka jembamba na naling'oa bila kuita kibarua.

#42 | Sururu
Mama alijiita Ngwara tangu mwanzo tukadhani ni utani.

#43 | Ng'ombe Kwanza
Ngwara kwenye shamba lako sawa. Malishoni nani atapanda? Na nani atawazuia ng'ombe wasiimalize kabla haijafunika? Malisho yetu ni ya kijiji, mifugo ya watu wengi, ukipanda leo kesho ni uwanja. Gugu limeingia kwa sababu malisho yamechoka, na yamechoka kwa sababu maeneo yamepungua. Msiniambie nipunguze ng'ombe kabla hamjaniambia viwanja vinavyopimwa kila mwaka vinatoka wapi.

#44 | Mkulima wa Kisongo
#1 niliomba siasa ikae pembeni.

#45 | Ng'ombe Kwanza
Hii si siasa, ndiyo njia gugu lilipopitia.

#46 | Dada wa Maabara
Hapa nakubaliana na mfugaji kwa sehemu. Malisho yaliyokwanguliwa hata ukiondoa gugu karoti litakuja jingine. Ila kwa malisho ya kijiji ambako hakuna wa kupalilia, mdudu ndiye kibarua pekee asiyedai posho. Ndiyo maana mimi bado niko upande wa mdudu, aliyepimwa kwa aina za alizeti tunazolima sisi.

#47 | Kijiwe cha Moshono
Na akionja, nani analipa? Nijibuni hilo moja nihamie upande wenu.

#48 | Bwana Shamba Mstaafu
Hilo ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Tatizo la mdudu ukishamwachia humrudishi, na hana mwenyewe. Sumu ikiharibu shamba unamjua aliyepulizia.

#49 | Ng'ombe Kwanza
Na gugu likiharibu malisho nani ananilipa?

#50 | Mjukuu wa Kibosho
Kabla hamjaendelea: jakaranda za mjini Arusha na Moshi nazo ni za Amerika ya Kusini, na kahawa ya babu zetu ililetwa na wamisionari. Wote wageni. Tuanze kung'oa?

#51 | Meku wa Kahe
Gusa kahawa yangu uone.

#52 | Mkulima wa Kisongo
Mama Ngwara, mbegu unauza? Nahitaji za kutosha ukanda wa mpakani kabla ya masika. Mdudu nitamjadili na jirani polepole, chupa nimemkataza.

#53 | Mama Ngwara
Ninazo, njoo inboksi. Usije na bei ya mnadani, hizi nimezichambua.

#54 | Sururu
Msukuma, bado nasubiri unijibu: fukusi waliokuwepo kabla ya mvua mbona walishindwa gugu liliporudi?

#55 | Msukuma wa Pasua
Dada kashakujibu #27, mbolea. Soma uzi kabla ya kubisha.